Kisu Kinachovuta Kushoto

Nilikiangusha. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninyi mnaobaki karakanani mna haki ya kujua mlifundishwa kazi na mtu wa namna gani. Kisu changu cha kazi kilianguka kwenye sakafu ya saruji, ncha ikatangulia, wiki ileile niliyokinunua. Fundi Abdalla aliuliza, "Umeangusha?" Nikajibu, "Sijaangusha, Mzee." Mengi yaliyofuata yametoka kwenye jibu hilo, pamoja na lile somo ambalo wengi wenu mmelikariri kutoka kinywani mwangu, kwamba kisu kizuri cha kuchongea huvuta kidogo upande wa kushoto.

Namuli, mwanafunzi wangu, ndiye aliyeniomba niandike jinsi ya kuchagua kisu cha mfukoni, kwa kuwa wageni kazini wanauliza na mimi nimestaafu. Nimekaa na karatasi siku nne. Kila nikiandika sentensi ya ushauri inageuka kuwa ungamo, na kila nikijaribu kuungama najikuta naeleza habari za ribiti na makali. Nimeziacha zichanganyike. Hata kichwani mwangu hazijawahi kukaa mbalimbali.

Nilifika karakanani miaka michache baada ya vita vilivyoisha themanini na sita, nikiwa na shahada ya falsafa na viatu visivyofaa. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, niliyekuja Kampala kusoma nikasahau kurudi. Niliajiriwa kuandika barua na kutunza rejista ya wagonjwa. Karakana yenyewe mnaijua, ingawa siku hizo ilikuwa banda moja refu la mabati, na ndani yake watu wawili wakitengeneza magongo ya kutembelea kwa wale ambao vita au polio ilikuwa imewaachia mguu mmoja mzima.

Wa kwanza alikuwa Fundi Abdalla, Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudani. Alikuwa mtu wa kofia safi na maneno machache, na alitumia mkono wa kushoto. Wa pili alikuwa Wasswa, aliyekuwa askari mwenyewe, katika vita hivi vyetu, na akarudi na mguu mmoja. Alikuja karakanani kama mgonjwa. Alilalamikia gongo lake kwa ufundi kiasi kwamba Abdalla alimpa msumeno akamwambia atengeneze mwenyewe, na hakuondoka tena. Wasswa alichana na kupiga randa, Abdalla alichonga. Kila mchana, baada ya chakula, walicheza mweso, yule ndugu wa bao la pwani, na walitukanana kwa upendo mpaka kete zikaisha.

"Wewe ulisoma nini huko chuo?" Wasswa aliniuliza siku ya kwanza.

"Falsafa."

"Hiyo inatengeneza nini?"

"Inauliza maswali."

"Banange! Na majibu inatoka kitivo gani?" Tangu siku hiyo jina langu likawa Digirii, na naona hata kwenye kadi yenu ya kuniaga ndilo mliloandika.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko mikono. Wiki ya pili Abdalla alinitoa kwenye rejista, akanipa kipande cha mti wa mpera akasema nichonge kishikio. Mpera ni mgumu, haupasuki, na jasho halioni njia ya kuingia. Nikauliza nichonge na nini. Akashangaa. "Na kisu yako."

Hapa wageni wasikilize. Gongo halimalizikii karakanani. Linamalizikia nyumbani kwa mwenyewe, baada ya siku kama kumi, jasho likishaonyesha ni wapi panauma. Ndiyo maana mtu wa kazi hii hutembea na kisu popote aendapo, kanisani, sokoni, hata kwenye harusi. Nimewahi kupunguza kishikio cha bwana mmoja katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi, na wote wawili walinishukuru. Kisu cha namna hii lazima kikunjike, kikae mfukoni bila kukuchubua, na kifunguke bila ugomvi.

Abdalla alikuwa na sheria kwamba mtu hachaguliwi kisu. Alinituma peke yangu sokoni Kikuubo. Mnaijua Kikuubo, jinsi watu wanavyopita na mabunda kichwani na wewe unaambiwa "nyabo, pisha", yaani mama, nipishe, na mtu ambaye tayari amekwisha kukukanyaga. Nilirudi na kisu kinachong'aa, chenye vitu kumi na kimoja ndani yake, mkasi, kijiko, kifungua chupa, na kitu kama ndoana ambacho hadi leo sijui ni cha nini.

Wasswa alikifungua chote, kikasimama mezani kama kaa. "Digirii, hii ni kisu ama ni jikoni?"

Abdalla hakucheka. Alisema tu, "Bapa yake inacheza," na kweli, ukilishika kwa vidole viwili lilitikisika kama jino bovu. Kisu chenye vitu vingi kina ribiti moja inayobeba vyote, nayo huchoka mapema. Nikarudi Kikuubo. Mara ya pili nilileta kisu kikubwa cha kutisha, cha mtu anayetarajia kukutana na chui mitaani Kamwokya. Mpini wake ulikuwa na migongo ya plastiki ya kukusaidia kushika. Baada ya robo saa ya kuchonga, migongo ile ilikuwa imechorwa kwenye kiganja changu kama ramani, na malengelenge yalikaa mahali pa miji mikuu.

Mara ya tatu Abdalla alinionea huruma. Aliweka kisu chake mezani, akatoa mkono juu yake. "Angalia hii. Tafuta ndugu yake."

Alichoniwekea hakikuwa na urembo wowote. Kilikuwa na bapa moja, refu kama kidole changu cha kati, jembamba kuelekea ncha, ili liingie kwenye kona. Mpini ulikuwa wa mti, wa mviringo, unaojaza kiganja bila kukiumiza. Chuma chake kilikuwa cha kawaida, kile kinachoshika kutu usipokipaka mafuta, lakini kinachokubali makali ambayo chuma king'aacho hakiyajui. Ukikifungua kilikaa imara na kukaza kama mlango wenye komeo. Nilitafuta ndugu yake mchana mzima nikiwa na kipande cha mpera kwenye mkoba, nikichonga mbele ya wachuuzi ambao walidhani nimetoroka mahali. Maranda yakijikunja kama utepe, kisu ni kizuri. Yakivunjika kama makapi, kirudishe. Nilikipata. Wasswa alipokiona akasema naye anataka, akanituma cha kwake. Ndivyo karakana ilivyokuwa na visu vitatu vya aina moja, vya kiwanda kimoja, ambavyo macho yasingeweza kuvitofautisha.

Nilisema tuweke alama. Abdalla alitazama mkono wake wa kushoto, juu na chini. "Hii mkono yangu niweke alama? Nisipoijua, mimi ni fundi gani?"

Na kulikuwa na adabu ya visu, ambayo ninyi mnaifuata nusu. Kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Unakiweka mezani, unatoa mkono, yaani unauondoa, mwenzako anakichukua. Nusu hiyo mnaijua. Nusu nyingine imepotea, nayo ndiyo iliyotuumiza. Kisu cha mwenzako hukigusi bila kuwekewa. Humwambii akionyeshe, kwa sababu kumwambia mtu "hebu nione kisu chako" ni kumwita mwizi. Una haki ya kuuliza neno moja, mara moja. Akijibu, basi. Mtu haulizwi kuhusu kisu mara mbili.

Sasa nirudi kwenye saruji. Nilikiangusha nikiwa najifunza kukikunja kwa mkono mmoja, jambo ambalo Abdalla alikuwa amenikataza. Kisu kilichoanguka lazima kisemwe, kwa sababu ncha inaweza kuwa na ufa usioonekana, ikavunjikia kwenye kishikio na kumchoma mtu kiganjani. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuleta jikoni na kisu cha chui, na nilihisi hii itakuwa mara yangu ya tatu kuaibika. Ncha ilikuwa imepinda kidogo sana. Nilikipeleka nyumbani, nikaisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka ikawa ncha tena, fupi kidogo. Nilifanya kazi nzuri. Abdalla aliuliza kwa sababu alisikia mlio, nikasema sijaangusha, na nikalisema vizuri kiasi kwamba baada ya wiki mbili nililiamini. Chuoni nilipata alama za juu katika somo la ukweli.

Mwaka uliofuata tukapata kesi ya mama mmoja wa Kamwokya, muuza mkaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepoteza vidole viwili, na kishikio cha kawaida kilimteleza. Mara tatu tulimtengenezea, mara tatu akaanguka. Mara ya nne tulikwenda wote watatu, tukaweka ubao juu ya magunia mawili ya mkaa, tukatandika kitambaa, na kila mmoja akajaribu umbo lake. Visu vitatu vilikuwa kwenye kitambaa kimoja. Mvua ya Kampala haikupigii hodi. Ilishuka, mama akapiga kelele kuhusu mkaa wake, nasi tukaacha uchongaji tukaburuta magunia. Kisha kila mtu akanyakua kisu kutoka kwenye kitambaa kilicholowa, akakimbia.

Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, kabla ya kuingia kazini, nilipita tena kwa yule mama peke yangu. Nilitaka kumaliza kishikio changu. Na hapo jambo la ajabu likatokea. Kisu changu, ambacho kwa mwaka mzima kilikuwa kikiteleza juu ya mpera kama kinauogopa, sasa kilichota mti kama kijiko kinavyochota uji. Kilivuta kidogo kushoto, kikaingia, kikatoka, kikaacha bonde safi. Nikachonga bonde la kidole gumba, kisha mabonde ya vile vidole viwili vilivyobaki. Mama akalishika gongo, akatembea mpaka kwa jirani yake wa tatu kumwonyesha. Hakuanguka.

Nilienda kazini nikiwa na furaha isiyo na kiasi. Nilidhani hatimaye nimejua kuchonga.

Nilimkuta Abdalla amesimama mezani, kisu kikiwa wazi mbele yake, mkono wa kushoto ukining'inia.

"Hii si kisu yangu," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeamka akakuta mlango wa chumba umehamishwa. Akamgeukia Wasswa. "Wasswa. Ni wewe?"

Lazima mjue kwamba kwa mwaka mzima Wasswa alikuwa na mzaha mmoja. Kila alipomwona Abdalla akichonga alisema, "Mzee, ukikufa, mimi nalia kidogo, rakini kisu nachukua." Asubuhi ile, naye akiwa hajaelewa uzito wa swali, akajibu, "Bado hujakufa, Mzee. Nangoja."

Abdalla akanigeukia. "Digirii. Ni wewe?"

"Hapana, Mzee. Changu kiko hapa," nikasema, nikapiga mkoba wangu. Sikuutazama. Kuna njia moja tu ambayo ningejua, nayo ni kutazama kama ncha ni fupi, na mimi sikuwa na kisu chenye ncha fupi, maana sikuwahi kukiangusha. Naapa hata wazo halikunijia. Nilikuwa nimelifukia vizuri mno.

Wakati wa mweso, Abdalla hakukaa. Alikunywa chai yake amesimama. Wasswa alipanga kete, akangoja, akazipangua. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Wasswa akasema kwa sauti, bila kumwangalia mtu, "Kumbe mimi ni mwizi." Abdalla hakuwa na haki ya kuuliza mara ya pili, na Wasswa alikuwa na kiburi cha kutoonyesha kisu bila kuulizwa. Ijumaa alikunja aproni yake, akaiacha juu ya msumeno, akaenda. Baadaye tulisikia anatengeneza viti kule Luzira.

Lini nilianza kushuku? Sijui. Nikisema siku fulani nitakuwa naongopa tena. Nadhani ni siku niliyokuwa nanoa. Kisu changu kilikuwa na makali ya upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa laini kabisa. Hivyo ndivyo mtu wa mkono wa kushoto anavyonoa. Nikashtuka. Kisha nikakumbuka kwamba kunoa nilifundishwa na Abdalla, nikiwa nimesimama mbele yake nikimwiga kila kitu, na kwa mwaka mzima nilikuwa nanoa kama yeye, upande ule ule, mimi mwenye mkono wa kulia. Kwa hiyo kulikuwa na mawili. Ama nilikuwa na kisu chake, ama nilikuwa na kisu changu ambacho kwa utiifu wangu nilikigeuza kuwa cha mtu wa kushoto. Nikatazama ncha. Nilikuwa nimekwisha kuinoa mara nyingi, na ncha ikinolewa huisha yenyewe. Haikusema kitu.

Falsafa ina jina la hali hii, lakini haina dawa yake.

Ningeweza kumwambia. Kila asubuhi nilitembea kutoka kituoni nikiwa na maneno tayari. Lakini ningesema nini? "Mzee, huenda nina kisu chako, au huenda sina"? Na ningemwambia Wasswa nini, kwamba aliondoka kwa ajili ya huenda? Nilijiambia kwamba nikiwa na hakika nitasema. Ni kanuni nzuri ya chuoni. Nje ya chuo ni njia ya heshima ya kunyamaza.

Jumamosi ya wiki ya pili tangu Wasswa aondoke, ubao wa mweso ulitoweka kwenye msumari wake. Nilidhani Abdalla ameutupa, nikaumia zaidi. Na Abdalla mwenyewe akaanza tabia ambayo niliihesabu kuwa ya uzee. Kila jioni, kabla ya kwenda kutawadha kwa ajili ya sala, aliweka kisu chake mezani mbele yangu, akatoa mkono, akaondoka. Alitawadha kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mimi nilikitazama kisu kile, nikasema moyoni, masikini, anaanza kusahau vitu. Nikakipaka mafuta, nikakifunga kwenye kitambaa, nikakitia kwenye mfuko wa aproni yake. Alirudi, akapapasa mfuko, akanitazama, akaenda zake. Hivyo kwa miaka minne.

Siku alipostaafu kwenda kwao Bombo alinishika mkono kwa muda mrefu. "Digirii. Hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Nakushukuru kwa yote, Mzee," nikasema. Nililia pia. Nilidhani ndicho alichokitaka.

Miaka iliyobaki mnaijua wenyewe. Nilikuwa mchongaji. Mabonde yangu ya vidole yalipata sifa, watu wakatoka mbali kuyatafuta, na mimi nikawa mwalimu wa visu. Niliwaambia mtafute bapa jembamba, mpini wa mviringo, chuma kinachoshika kutu, ribiti isiyocheza, na hayo yote nayatetea hadi leo. Kisha niliwaambia mchonge kipande cha mpera na mhisi kama kisu kinavuta kushoto. Wengi mlirudi kutoka Kikuubo mmekata tamaa, mkisema mmejaribu visu ishirini na hakuna kilichovuta. Nikawaambia hamjawa na hisia bado. Kuna mchuuzi kule ambaye, baada ya kuwaona mkija mmoja baada ya mwingine, alianza kutangaza, "Kisu ya kuvuta kushoto, nyabo, imebaki moja tu!" Nilipomsikia kwa masikio yangu nilishindwa kujua nicheke au nikajisalimishe polisi.

Mkanifanyia sherehe ya kuniaga. Keki ilikuwa na umbo la gongo. Nikaombwa nionyeshe mara ya mwisho jinsi bonde linavyochongwa, nikalichonga, kisha nikaweka kisu mezani, nikatoa mkono ili nifute jasho. Namuli akakichukua. Sikumkataza, nilikuwa nimekiweka, na adabu ni adabu. Namuli, kama mnavyojua, anatumia mkono wa kushoto, na mwaka mzima nimekuwa nikimwambia kwamba uchongaji wake una matatizo.

Alipitisha kisu kwenye mpera. Randa moja refu likajikunja bila kukatika, likaanguka juu ya keki. Hakikuvuta popote. Kilikwenda sawasawa, kama maji.

"Mama," alisema, "hii kisu imenolewa kwa mtu kama mimi." Kisha, kwa ile sauti ya upole mnayoitumia mnaponionea huruma, "Ulikuwa unachonga nayo namna gani miaka yote hiyo?"

Kwa mkono wa kulia, kisu cha kushoto huchota. Kwa hiyo sifa zangu zote zilikuwa za makali yaliyogeuzwa. Hilo nililielewa pale pale, mbele ya keki. Lakini bado kulikuwa na mawili yangu ya zamani. Yalikuwa makali ya nani, ya Abdalla au ya kuigiza kwangu? Nilikwenda nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku ya kwanza, na siku ya kwanza angalau nilikuwa na viatu vipya.

Nilipomsimulia yote, Namuli ndiye aliyesema kwamba kuna fundi wa viti wa mguu mmoja kule Luzira, na namba yake ya simu imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa banda lake. Aliniletea namba. Alikaa upande wa pili wa meza yangu wakati napiga, kwa sababu hakuniamini, na alikuwa na haki.

Iliita mara mbili.

"Wangi," sauti ikaitikia, kama Waganda wanavyoitikia.

"Wasswa. Ni Digirii."

Nyuma yake nikasikia kete zikidondoka moja moja kwenye mashimo ya ubao, kisha zikasimama.

"Mzee!" Wasswa akapiga kelele, si kwangu. "Mzee, amepiga!"

"Mzee gani?" nikauliza.

"Mzee wako ni wangapi? Anakuja kira mwezi kutoka Bombo, mjukuu anamleta kwa gari. Digirii, wiki mbili nimeondoka, huyu mtu akakuja hapa na ubao kwa kwapa. Akasema, Wasswa, nilikosa, kisu iko kwa Digirii, nisamehe. Nikamwambia kaa, tucheze. Mpaka leo ananishinda."

"Kwa nini hukurudi?"

"Kwa magongo kira mtu analia. Kwa viti watu wanakaa tu." Alicheka, akapunguza sauti. "Rakini ilinichoma, wewe. Siwezi kudanganya. Chukua, ongea na yeye."

Simu ikapita mikono. Nikasikia pumzi za mtu mzee, kisha swali, sauti ileile, kana kwamba tulikuwa tumesimama juu ya saruji ileile.

"Digirii. Uliangusha?"

Kisu hakiulizwi mara mbili. Alikuwa amevunja sheria yake kwa ajili yangu.

"Niliangusha, Mzee."

"Eeh. Hii iko kwangu, ncha yake ni fupi, punje moja ya mchele. Niliona nikienda kunoa. Nikasema, nani anakata ncha ya kisu mpya? Ni mtu ameangusha. Nani aliangusha? Ni yule alisema hajaangusha."

"Basi mbona hukuniambia?"

"Nikuambie namna gani? Nilikuuliza, ukajibu, imekwisha. Nikakuwekea mezani. Kila jioni nakuwekea yako, natoa mkono, naenda kutawadha. Natawadha mpaka maji inaisha kwa birika, ili uchukue yako, uweke yangu, na hakuna mtu ameona. Narudi, umeipaka mafuta! Umefunga kwa kitambaa! Umeweka kwa aproni!" Nyuma yake nilisikia Wasswa akicheka mpaka akakohoa. "Miaka minne, Digirii. Nikasema, hii digirii yake ni ya nini?"

Namuli alinisogezea kitambaa cha kufuta macho.

"Nakuletea kesho, Mzee. Nakuja Bombo mwenyewe."

"Ya nini? Mkono yangu inatetemeka. Hii yako imekuwa ya kumenya machungwa, tumezoeana. Hapo kwenu kuna mtu wa kushoto?"

Nikamtazama Namuli. "Yuko."

"Basi iweke mezani."

Nikakitoa mkobani, nikakiweka.

"Umetoa mkono?"

"Nimetoa, Mzee."

"Sasa kaa hivyo hivyo. Na safari hii," akasema Fundi Abdalla, "usifunge kwa kitambaa."